Soma Barua Kabla ya Kuuza Dhahabu



Wasomaji wapenzi, majuzi baada ya sala ya alasiri alinibishia hodi mama mmoja wa mtaani kwetu, karatasi imekunjwa mkononi. "Dada," akaniambia, "mwanangu kapata chuo Marekani. Watamlipia kwa sababu ya mpira. Nisomee kwanza, kisha kesho nipeleke bangili zangu kwa sonara, apate nauli."

Nilimkaribisha, nikaisoma barua mara mbili. Ilikuwa barua ya kweli, na pongezi zake zilikuwa za haki, kwani kijana huyo ana bidii uwanjani na darasani. Lakini mama alielewa kwamba mwanawe amelipiwa kila kitu, na barua haikusema hivyo. Kwa kuwa vijana wengi wa pwani yetu wanapenda mpira na mbio, nimeona wiki hii tuzungumzie jambo hili kwa utulivu.

Chuo kilichoandika barua ile ni chuo cha jamii, yaani chuo kidogo cha miaka miwili. Mwanafunzi akimaliza hupata shahada ya awali, na akipenda huhamia chuo kikuu kukamilisha miaka iliyosalia. Vyuo vya aina hii vilianzishwa kwa ajili ya wenyeji wa eneo, ndiyo maana mwenyeji hulipa karo ndogo, na mgeni atokaye ng'ambo aghalabu hulipa zaidi.

Michezo katika vyuo vingi vya miaka miwili husimamiwa na shirikisho liitwalo NJCAA, lililoasisiwa mwaka 1938 na kuanza kuandaa mashindano ya wanawake mwaka 1975. Shirikisho hilo lina madaraja matatu, na hapa ndipo penye siri ya barua. Chuo cha Daraja la Kwanza kinaruhusiwa kumlipia mwanamichezo karo, ada, vitabu, malazi na chakula, pamoja na safari moja ya kwenda na kurudi kwa mwaka. Chuo cha Daraja la Pili huishia kwenye karo, ada, vitabu na vifaa vichache vya masomo. Malazi na chakula si juu yake. Chuo cha Daraja la Tatu hakitoi ufadhili wowote kwa ajili ya mchezo. Huko California nako kuna zaidi ya vyuo 100 vya jamii vyenye shirikisho lao wenyewe, navyo havitoi kabisa ufadhili wa michezo.

Tena, kuruhusiwa si kulazimika. Hata kocha wa Daraja la Kwanza anaweza kuugawa ufadhili wake vipande vipande ili apate wachezaji wengi. Barua ya kijana wetu ilitoka katika chuo cha Daraja la Pili. Kitanda na sahani, kwa miaka miwili, vilikuwa juu ya mama.

Huenda msomaji akauliza, kwani Marekani si nchi yenye fedha nyingi katika michezo? Ndiyo, lakini fedha hizo ziko katika vyuo vikuu vikubwa vinavyouza haki za televisheni na kujaza viwanja. Chuo kidogo cha mji mdogo hakina televisheni, na kiingilio chake ni haba. Timu zake huendeshwa kwa ada wanayotozwa wanafunzi wote, kwa fungu la bajeti ya chuo, na kwa michango ya wafanyabiashara na wahisani wa mji. Basi la safari, vifaa, waamuzi, bima ya majeruhi, yote hutoka humo. Baadhi ya vyuo huanzisha timu ili kuongeza idadi ya wanafunzi, kwa kuwa kila mchezaji ajaye huja na karo yake, au sehemu yake. Hakuna dhambi katika hilo. Lakini mzazi afahamu kwamba mwanawe anaweza kuwa ni mlipaji pia.

Mfuko wa namna hiyo ukitikisika, mchezo huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kupunguzwa. Na ufadhili wenyewe huandikwa kwa mwaka mmoja wa masomo. Kocha akihama, goti likiumia, au bajeti ikikatwa, mwaka wa pili hauna dhamana.

Yapo mengine yasiyoandikwa katika barua ya pongezi. Kabla ya viza, chuo hutoa hati iitwayo I-20, inayoonyesha gharama ya mwaka mzima na nani atailipa. Pengo lolote familia huthibitisha kwamba inazo fedha zake. Mwanafunzi mgeni hapati misaada ya masomo ya serikali ya Marekani. Kazi anaruhusiwa ndani ya chuo tu katika mwaka wa kwanza, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Hata ufadhili ukilipia malazi na chakula, sehemu hiyo hutozwa kodi.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, barua ikija, andikia chuo chenyewe uulize haya: Mko daraja gani? Mnalipa nini, na nini hamlipi? Malazi na chakula ni kiasi gani kwa mwaka, pamoja na likizo mabweni yanapofungwa? Mtoto akiumia, nani hulipa hospitali, na ufadhili unabaki? Vyuo vikuu gani hupokea masomo yake akimaliza? Uliza pia kuhusu chakula cha halali na mazoezi ya Ramadhani. Majibu yawe kwa maandishi. Sisi si wageni wa jambo hili, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqarah, imehusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Kutaka maandishi si kumdhania mtu ubaya.

Mama yule alikwenda nyumbani, wakakaa shura na mwanawe na mjomba. Mjomba alikuwa tayari kukopa benki, mama akakataa kuingia katika riba kwa ajili ya mpira. Wakakiandikia chuo. Jibu lilikuja kwa adabu na kwa tarakimu, na pengo la mwaka wa kwanza lilishinda thamani ya bangili zote. Wameomba kuahirisha, na kijana anaandika kwa vyuo vya Daraja la Kwanza huku amejiandikisha masomo hapa nyumbani.

Alihuzunika, sitaficha. Lakini aliniambia kwamba angehuzunika zaidi kama angejua hayo akiwa ugenini, mama hana dhahabu na yeye hana pa kulala. Mali ya mama ni haki yake, na kijana mwenye kulijua hilo amelelewa vyema.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya kheri. Tukutane wiki ijayo, inshallah.

Wabillahi tawfiq.