Miwani ya dola 3,500 na mwanasesere wa Haydom

Bidhaa inayofika kwenye ukurasa huu huulizwa bei yake na muda itakaodumu. Safari hii si mahindi wala vitunguu saumu vya Mbulu, bali miwani ya kufundishia vyuo vikuu. Mwanafunzi akiivaa huona picha ya kompyuta, tuseme moyo unaodunda, ikielea juu ya meza halisi iliyo mbele yake, naye huizunguka na kuikagua kila upande.

Tuanze na bei. HoloLens 2 ya kampuni ya Microsoft iliingia sokoni mwaka 2019 kwa dola 3,500 za Marekani. Miwani kumi kwa darasa la wanafunzi 40 ni dola 35,000, kabla ya usafiri na fundi. Kudumu je? Oktoba 2024 Microsoft ilitangaza kusitisha kuitengeneza. Google nayo iliacha kuuza miwani yake ya Glass mwaka 2023. Aliyenunua ajitafutie vipuri.

Hatusemi haifai. Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, kimeitumia kufundishia maumbile ya mwili, na palipo na uhaba wa maiti za kujifunzia hilo si jambo dogo. Lakini mnunuzi wa Tanzania angepita kwanza Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, jirani na Maretadu, wanakokwenda kujifungua akina mama wengi wa Mbulu.

Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga anayeshindwa kupumua, kwa kutumia mwanasesere anayejazwa maji. Kwa mwanasesere walifaulu vizuri. Wodini hali haikubadilika. Kuanzia Februari 2011 utaratibu ukageuzwa: mazoezi ya dakika chache, hapo hapo kazini, kila wiki. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Mwanasesere alikuwa yule yule, ambaye bei yake haifiki hata sehemu ya kumi ya miwani ile, na wala hahitaji umeme.

Kilichouzika pale, kwa lugha ya soko, ni marudio. Miwani kumi inayofungiwa kabatini na kutolewa siku ya mgeni rasmi haina marudio.

Mradi wa HET wa kuimarisha vyuo vikuu vyetu uliidhinishwa mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Mkulima wa Maretadu ni miongoni mwa watakaoulipa. Kwa hiyo zabuni yoyote ya vifaa vya namna hii ieleze kila mwanafunzi atakishika kifaa mara ngapi kwa wiki, nani atakitengeneza kikiharibika, na kama somo lile lile haliwezi kuonyeshwa kwenye simu ambazo wanafunzi wanazo tayari mfukoni. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo arudishiwe bahasha yake.