Semina za ndoto zimetosha

Vijana wenzangu wa Kakuma na Kalobeyei, na ninyi wa mashirika mnaosoma huku kimya kimya bila kuacha hata alama, leo nasema bila kuzunguka. Kama kuna mtu ana bajeti ya semina nyingine ya kuwaambia watoto wa kidato cha nne "ota ndoto kubwa", naomba hiyo hela asiipeleke ukumbini. Ailete shuleni, gredi ya 10 na kidato cha tatu, tutamwonyesha pa kuiweka.

Mwaka wa tatu sasa najitolea kusaidia wanafunzi kujaza fomu za skolashipu. Tunakaa kwenye benchi watu sita, simu moja, bando la shilingi hamsini, na chaji inaisha. Kwa huo muda wote sijakutana na hata mmoja aliyekosa chuo kwa sababu hakuwa na ndoto. Ndoto ziko, zimejaa. Mtoto wa hapa anataka kuwa daktari tangu chekechea, muulize tu. Wanakwama kwa vitu vingine, na hivyo vitu vinajulikana. Karibu vyote vinaharibika miaka miwili au mitatu kabla hiyo semina haijafanyika.

Nianze na jina, maana hapo ndipo machozi mengi yanatoka.

Mkongomani anafika na majina matatu na kila ofisi inayapanga inavyotaka. Msomali anafika na lake, la baba na la babu. Siku ya kuandikishwa karani anaandika alivyosikia, na wewe umetoka safari ya siku tatu, huna nguvu ya kubishana naye kuhusu herufi. Kwenye manifesti ya familia msichana anaitwa Mwamini. Shuleni mwalimu akaandika Muamini. Kwenye cheti cha mtihani wa darasa la nane jina la katikati limepotea kabisa. Tarehe ya kuzaliwa ndio usiseme, nusu yetu tumezaliwa tarehe 1 Januari, kambi nzima tungeweza kukata keki moja. Miaka inapita, hakuna anayejali. Halafu cheti cha KCSE kinatoka, mtu wa skolashipu anaweka karatasi mbili pamoja kwenye meza na anaona watu wawili tofauti. Fomu inafungwa baada ya wiki mbili. Kurekebisha sasa ni hati ya kiapo, barua, ada, foleni, na kusubiri miezi. Wakati kabla shule haijaandikisha watahiniwa, hilo kosa lingerekebishwa na mwalimu mkuu kwa dakika kumi akiwa na manifesti mbele yake.

Dakika kumi. Nani anazilipia? Hakuna, kwa sababu hakuna picha nzuri ya mtu anayelinganisha herufi.

Shirika moja, sitalitaja, liliwahi kutuletea siku nzima ya "maandalizi ya chuo". Kulikuwa na bango, fulana, mgeni kutoka Nairobi, soda na maji ya chupa. Mgeni aliongea vizuri, sikatai, tulipiga makofi. Nikamfuata mratibu nikaomba kitu kimoja: siku moja ya kutumia printa yao ili tutoe kopi za vyeti vya wanafunzi wa kidato cha nne. Akaniambia hiyo laini haipo kwenye bajeti. Bango lilikuwepo. Printa haikuwepo.

Sasa tuangalie milango yenyewe iko wapi. DAFI, ile skolashipu iliyoanzishwa na serikali ya Ujerumani pamoja na UNHCR, ilianza 1992, mwaka ule ule kambi hii ilipofunguliwa. Ile ya WUSC ya kwenda Canada iko tangu 1978, na wanafunzi wa vyuo vya huko wanachanga kutoka kwenye karo zao ili mkimbizi mmoja apate nafasi. Hizi ni kazi nzuri, mimi siwatukani hao watu. UNHCR wenyewe walisema 2016 kwamba ni asilimia 1 tu ya vijana wakimbizi duniani wanaofika chuo, na sasa wameweka lengo la asilimia 15 ifikapo 2030. Asilimia imepanda, ni kweli, lakini bado iko chini ya 10, na 2030 ni kesho kutwa. Na mlango wa mkopo wa serikali ambao jirani yako wa Turkana anaweza kugonga baada ya KCSE, wewe si raia, haukuhusu. Kwa hiyo milango yako ni michache na kila mmoja una mlinzi anayeangalia kwanza gredi na karatasi. Hadithi yako ya maisha anaisoma baadaye, kama umefika hapo.

Gredi. Hapa kuna jambo ambalo linanikera kuliko la majina.

Kuingia digrii Kenya unahitaji C+ kwa uchache, na diploma C-. Watoto wengi wanalijua hilo la C+, limeimbwa sana. Wasiloambiwa ni kwamba C+ yenyewe haikupeleki popote kama masomo uliyobeba siyo yanayotakiwa na kozi. Kijana anataka uhandisi, kumbe Fizikia aliiacha mwisho wa kidato cha pili kwa sababu hakukuwa na mwalimu, au kwa sababu rafiki zake waliiacha. Anakuja kwangu na cheti mkononi, C+ safi, amepiga pasi shati, na mimi ndiye ninayemwambia. Hakuna mtu aliyemkalisha chini kidato cha pili akamwambia, ukiacha hili somo leo, umefunga hizi kozi na hizi. Na Hesabu haikwepeki. Hata walipobadilisha namna ya kujumlisha alama za KCSE mwaka 2023, wakaruhusu masomo bora mtu aliyofanya vizuri yahesabiwe, Hesabu ilibaki lazima. Halafu darasa letu la Hesabu ni watu zaidi ya mia, kitabu kimoja watu wanane, mwalimu ni kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi na analipwa insentivu ambayo haimalizi mwezi. Namheshimu sana huyo mwalimu. Mpeni vitabu na mafunzo, kabla ya kuniletea mimi mgeni wa kunitia moyo.

Na mnaodhani hili litaisha na mtaala mpya, amkeni. Kidato cha tatu wa mwaka huu ndio wa mwisho wa mfumo wa zamani, watafanya KCSE 2027 na hapo imekwisha. Nyuma yao iko gredi ya 10, wa kwanza wa Sekondari Pevu, na hao tayari wamechagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mtoto wa miaka kumi na tano, kumi na sita. Ambaye hakuingia mkondo wa sayansi, hata Hesabu anayofundishwa ni ile nyepesi. Yaani uamuzi ambao sisi tulikuwa tunauharibu kidato cha pili, sasa unaharibika mapema zaidi na kwa kishindo zaidi. Niliuliza watoto wa mtaa wetu walichaguaje. Mmoja alisema alifuata dada yake. Mwingine alisema karatasi ilijazwa na mtu mwingine. Wengine walichagua sayansi, vizuri, maabara iko wapi? Meza na bomba lisilo na maji siyo maabara.

Semina ya mwaka huu ilifanyika lini? Kidato cha nne, muhula wa tatu, wiki chache kabla ya mtihani. Hapo mnaandaa nini? Mnaaga.

Kuna kundi lingine ambalo huwa halionekani kabisa kwenye ripoti, nalo ni wale waliokuja wakubwa kutoka upande wa Kifaransa. Kijana amefika kutoka Uvira au Bujumbura, ana miaka kumi na sita, kule alikuwa anafanya milinganyo ya Hesabu bila shida. Hapa Kiingereza hajui, basi anarudishwa darasa la watoto wadogo akakunje magoti kwenye dawati. Akimaliza sekondari ana miaka ishirini na nne, ishirini na tano, na skolashipu nyingi zina kikomo cha umri. Hakufeli kitu chochote, miaka yake ililiwa na lugha. Miezi sita au tisa ya Kiingereza cha nguvu mwanzoni, halafu apimwe na aingie darasa linalomfaa, ingeokoa miaka minne. Na hata Kiswahili chenyewe, sisi Wakongomani tunaingia kwa kujiamini kwamba hiki ni chetu, halafu ngeli zinatupiga mchana kweupe.

Najua afisa mmoja anayesoma hapa tayari anaandaa jibu: hela hakuna. Tangu misaada ya Marekani ikatwe mwanzoni mwa 2025, kila kitu kimepungua. Afisa, hilo hatukusoma kwenye ripoti, tulilisoma kwenye sahani. Mwaka huo huo tuligawanywa makundi manne ya mgao, na wa kundi la mwisho wakaambiwa hakuna chakula chao. Nina wanafunzi ambao jioni wanachagua kati ya kuja kusoma na kwenda kubeba mzigo sokoni, na sithubutu kuwalaumu. Msichana anamaliza foleni ya maji na kupika na kuogesha wadogo zake, saa tatu usiku ndipo anafungua daftari, na taa ya sola imekufa. Lakini ndiyo maana nasema. Kama hela ni chache, kwa nini hizo chache zinaenda kwenye ukumbi? Gharama ya siku moja ya semina, nauli ya mgeni, chakula cha wageni, bango, fulana, piga hesabu mwenyewe. Inatoa kopi na picha za pasipoti za darasa zima. Inalipa taa za darasa moja la jioni. Inalipa mwalimu wa Hesabu aliyefuzu, Jumamosi, kwa muhula.

Wengine watasema kijana anahitaji kumwona mtu aliyefaulu. Ni kweli, mleteni. Lakini asikae meza kuu. Akae nasi kwenye benchi saa tatu, asome barua za kujieleza za wanafunzi kumi, azichore kwa kalamu nyekundu. Barua zetu zina ugonjwa mmoja, zote zinaanza na vita na zinaisha na "nisaidieni". Watoto hawana kosa, tumewafundisha hivyo, kwamba mzungu anataka kusikia mateso. Kamati inataka kujua utasoma nini, kwa nini hicho, na umefanya nini tayari hapa hapa kambini. Ulifundisha wadogo kusoma? Ulitafsiri kliniki? Andika hilo.

Halafu kuna wale wanaotuambia kwa upole kwamba chuo siyo cha kila mtu, kuna ushonaji, kuna kuchomelea vyuma. Mimi sina dharau na fundi. Fundi mzuri wa vyuma hapa Kakuma 1 anakula vizuri kuliko mimi. Ila tusidanganyane. Mtoto apelekwe ufundi kwa sababu anaupenda au gredi zake zinaelekea huko, siyo kwa sababu cherehani ndizo zilizobaki kwenye mradi mwaka huu.

Na sisi vijana tusijifanye malaika. Tunakimbilia semina kwa sababu ya soda na cheti cha kuhudhuria. Wengine mna vyeti kumi na viwili vya uongozi na amani, vimewekwa plastiki, na bado hamjui jina lenu limeandikwaje kwenye rekodi za UNHCR. Tunaweka picha ya fulana mpya kwenye stori, shirika nalo linaweka picha hiyo hiyo kwenye ripoti, kila mtu ameridhika, na mtoto wa gredi ya 10 amebaki na mkondo ambao hakuuchagua. Tukikataa kujaza viti, hizo semina zitapungua zenyewe.

Ninachoomba mashirika ni kidogo na kinaweza kuanza muhula huu. Kila shule ya sekondari ya kambi iwe na mtu mmoja, hata wa insentivu kama mimi, ambaye kazi yake ni karatasi na masomo ya wanafunzi tangu wanapoingia. Awe na printa. Awe na njia ya kufika dirisha la usajili bila kupanga foleni kama mtu binafsi, apeleke majina ishirini kwa mpigo. Na anayeitwa kwenye usaili Lodwar au Eldoret, kibali chake cha kutoka kambini kishughulikiwe siku barua inapofika, kisisubiri mpaka siku ya usaili ipite.

Sisi tunaanza bila kusubiri. Jumamosi hii saa tatu asubuhi tutakuwa chini ya ule mti nyuma ya uwanja wa mpira, tunapitia majina. Kidato cha tatu kwanza, maana wao hawana mtaala wa kurudia. Njoo na manifesti ya familia na karatasi yoyote ya mtihani uliyonayo, hata kama imechanika. Mwenye kalamu nyekundu aje nayo. Soda hakuna.