Jezi ya buku nne Himo, na zali linalopotea Moshi

Kwenye vijiwe vya Himo, ubishi wa soka hauishii kwenye mabao. Siku hizi upo ubishi mwingine, na una joto lilelile la Simba na Yanga: nani kaokota jezi kali zaidi kwenye mitumba, na kaipata kwa bei gani.

Himo ni njia panda. Magari ya Dar es Salaam na Arusha yanapita hapo, ya Marangu na Rombo yanakata kona hapo, na malori ya Holili yakielekea Taveta yanapiga honi hapohapo. Pakipita watu hivyo, nguo nazo zinapita. Mzigo wa mitumba unaofunguliwa Himo, Kiboriloni au Memoria pale Moshi mjini una kila kitu: makoti ya baridi, suruali za watoto, mashuka. Katikati ya hayo yote, mara moja moja, inachomoza jezi ambayo mtu wa Manchester au Milan angeitafuta miaka mitano asiipate.

Hadithi inayopendwa sana kijiweni inakwenda hivi. Jamaa mmoja wa bodaboda kapita asubuhi, belo ndiyo kwanza limekatwa kamba. Kainama, kafukua, kavuta kitambaa chekundu chenye mikono myeupe.

“Mama, hii nyekundu shilingi ngapi?”

“Elfu tano, mwanangu. Toa nne uondoke nayo, ni asubuhi.”

Katoa buku nne, kakunja, kaondoka. Kufika kijiweni ndipo anaifungua: Arsenal, kifuani JVC, mgongoni Kanu, namba 25.

Hapo ndipo wajuzi wanaposhika vichwa. Nwankwo Kanu alitua Arsenal mwanzoni mwa 1999. JVC, waliokuwa kwenye kifua cha Arsenal tangu 1981, waliondoka msimu huo ulipoisha. Maana yake Kanu alivaa JVC nusu msimu tu. Mashabiki waliochapisha jina lake kwenye jezi ya aina hiyo, ndani ya miezi hiyo michache, hawakuwa wengi kama waliofanya hivyo miaka iliyofuata. Hilo ndilo zali lenyewe.

Na kila kijiwe kina mtia chumvi wake. Hakosekani wa kudai hiyo ndiyo jezi ya siku ile Kanu aliyowapiga Chelsea mabao matatu kwao. Wajuzi wanamkatisha palepale: ile ilikuwa Oktoba 1999, mangi, JVC walishafungasha virago. Na akitokea mwingine na jezi ya JVC yenye jina la Henry na namba 14, hana haja ya kuhangaika kutafuta mteja. Thierry Henry alifika Agosti 1999. Hakuwahi kuivaa JVC hata siku moja. Jina hilo kabandika mtu baadaye.

Hapa ndipo penye hoja. Watu wengi wanadhani mkusanyaji wa jezi ni mtu mwenye bahati. Si kweli. Bahati inakufikisha kwenye belo tu, na kwenye belo wanafika watu mia. Anayeondoka na mali ni yule anayejua anachokiangalia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini akiinama bila kujua anatafuta nini, atainuka na kiuno kinachomuuma na jezi feki mkononi.

Feki zipo tele, na nyingine zimetengenezwa vizuri kuliko halisi. Napoli ya Maradona ndiyo inayoliza wengi. Mtu anaona Mars kifuani, anaona bluu ya anga, anatoa elfu arobaini bila kupumua. Angetulia angejiuliza maswali mawili. Napoli walivaa Buitoni kuanzia 1985 hadi 1988, kisha Mars hadi 1991. Je, maneno yaliyopo kifuani yanakubaliana na mwaka anaotajiwa? Na lebo ya ndani ya shingo inasema nini? Jezi ya miaka ya 1980 yenye lebo nyeupe ya juzi, imejaa maelekezo ya kufua kwa lugha kumi, hiyo ni marudio. Ivaliwe, ifurahiwe, ila isiuzwe kwa jina la Maradona.

Lebo ni shahidi mzuri kuliko muuzaji. Ikisema imetengenezwa Ujerumani Magharibi, basi imekutangulia kukuambia umri wake, kwa sababu nchi yenye jina hilo ilikoma Oktoba 1990. Jezi ya Manchester United yenye Sharp kifuani na alama ya Umbro ni ya kati ya 1992 na 2000; kabla ya hapo walikuwa Adidas. Liverpool yenye Candy ni ya kabla ya Carlsberg kuingia 1992. Kwa England, majina na namba za mgongoni zilianza kufanana kwa timu zote za Ligi Kuu mwaka 1997. Mambo haya hayahitaji chuo. Yanahitaji mtu aliyetazama mpira kwa macho mawili, na mashabiki wa vibanda umiza vya Himo na Moshi wanayo macho hayo.

Tabia hii haikuanzia kwenye jezi. Uingereza wapo wazee wanaokusanya bunduki za zamani za mitutu miwili, zile za kuwindia ndege, kazi za mafundi wa London kama Purdey ambao wapo tangu 1814. Wakikaa pamoja, wanachosimulia kwa furaha kubwa ni ile bunduki waliyoipata kwa bei ya chakula cha mchana kwa sababu mwenye nayo hakujua ni ya nani. Kwa Tanzania bunduki ni jambo la kibali na polisi, na ni sawa kabisa iwe hivyo. Jezi haihitaji kibali. Ndiyo maana kijana wa Himo mwenye buku nne mfukoni anaweza kuionja raha ileile.

Lakini raha hiyo ina swali ndani yake, na kijiweni huwa linaulizwa kwa sauti ya chini: na yule mama je?

Yule mama alinunua belo limefungwa. Hakuona kilichomo. Mara nyingine anafungua anakuta makoti mazito ambayo hata watu wa Marangu hayawafai, mtaji unakaa kwenye kamba wiki tatu. Siku belo lake lilipobeba kitu cha maana, kikaondoka kwa buku nne, na jioni kikawa kwenye simu ya mtu kinauzwa mara kumi ya hapo. Wapo wanaosema ndiyo biashara, kila mtu na jicho lake. Wapo wanaosema huo ni wizi wa mchana kweupe.

Wizi si neno lake. Mama kataja bei, kapunguza mwenyewe, kalipwa taslimu. Aliyenunua hakumdanganya. Angesema “mama hii imechakaa, ni tambara tu” huku akijua anachokishika, hapo angekuwa kavuka mstari. Kukaa kimya ukiwa na ujuzi wako si sawa na kusema uongo. Kwa hilo wanunuzi wa Himo walale usingizi.

Ila wanaokomea hapo wanapiga hesabu fupi. Mnunuzi mwenye akili angerudi wiki inayofuata na kumwambia: “Mama, jezi za mpira zenye maandishi kifuani, za zamani, usizitundike. Niwekee pembeni, nitakupa elfu kumi kila moja nitakayoichukua.” Mama anapata zaidi ya mara mbili, naye anapata kuchagua kabla ya wote. Aliyekula bingo peke yake kala mara moja. Aliyemfungua macho muuzaji anakula kila belo linapokatwa kamba. Wanaosema chema chajiuza wanasahau kwamba kwenye lundo la mitumba chema hakijiuzi. Kinafunikwa na makoti mpaka atokee wa kukitambua.

Na biashara hii ya kutambua ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Juni 22, 1986, Steve Hodge wa England alibadilishana jezi na Diego Maradona baada ya mechi ya robo fainali Mexico, ile ya mkono wa Mungu. Gharama yake ilikuwa jezi yake mwenyewe yenye jasho. Aliitunza, akaiazima makumbusho, na mwaka 2022 ikapigwa mnada Sotheby's kwa zaidi ya pauni milioni saba. Hakuna mtu wa Himo atakayeokota ya aina hiyo kwenye belo. Lakini somo lipo: kitambaa kilekile kingeweza kuwa dekio, na kilichokiokoa ni mtu mmoja aliyeamua kukitunza.

Hapo ndipo shutuma inapowageukia wakusanyaji wenyewe. Vijana hawa wanajua JVC iliondoka mwaka gani. Wanajua Buitoni na Mars. Waulizwe jezi ya Ushirika ya Moshi ilikuwaje, timu iliyokuwa ikipambana na Simba na Yanga kwenye ligi, yenye jina lilelile la uwanja uliopo mjini kwao. Ubishi unakufa ghafla. Mtu anakuna kichwa, mwingine anasema amuulize baba yake.

Coastal Union walichukua ubingwa wa Bara 1988. Tukuyu Stars walifanya maajabu 1986. Simba walifika fainali ya Kombe la CAF 1993 na kufungwa na Stella Abidjan. Taifa Stars walikwenda Nigeria kwenye fainali za Afrika za 1980, baada ya bao la Peter Tino kule Ndola kuwazima Zambia, na ilipita miaka 39 kabla ya kurudi huko. Mambo yote hayo yalifanywa na watu waliovaa jezi. Jezi hizo ziko wapi?

Nyingine hazipo tena, hilo halina ubishi. Zilifuliwa mpaka zikaisha, zikavaliwa shambani, zikafungwa kwenye baiskeli kama kamba ya mzigo. Lakini si zote. Ukipanda kutoka Himo kwenda Marangu, Kilema au Mwika, kuna nyumba zenye masanduku ya bati ambayo hayajafunguliwa siku nyingi. Kuna wazee waliocheza, waliokuwa viongozi, waliobeba mipira. Mzee wa namna hiyo akifariki, wajukuu wanasafisha chumba, na kitambaa kimoja kinaishia kupangusia pikipiki. Hapo zali limepotea, na halikupotea kwa bei ya buku nne. Limepotea bure.

Hili ndilo eneo ambalo mkusanyaji wa Himo ana ubavu kuliko tajiri yeyote wa London. Mwenye duka la jezi Ulaya hajui nani alikuwa kipa wa Ushirika, wala hawezi kupiga hodi Mwika na kusalimia kwa Kichaga. Kijana wa bodaboda anaweza, tena abiria wake wa kesho huenda ndiye mjukuu wa huyo kipa.

Lakini kwenye masanduku haya sheria ya belo isitumike. Mama wa mitumba anauza bidhaa asiyoijua ilikotoka. Mzee anauza ujana wake. Kumpa buku nne kwa jezi aliyovaa siku ya mechi kubwa, halafu kuipeleka mtandaoni, hiyo si dili ya kusimulia kijiweni. Aulizwe kwanza jezi ina habari gani, iandikwe: mwaka, mechi, aliyeivaa. Apigwe picha ameishika. Kama hataki kuiuza, abaki nayo, na wajukuu waambiwe ni nini. Jezi isiyo na habari yake ni kitambaa tu, na mali bila daftari huisha bila habari.

Wenye soka nao wana lao. Chama cha soka cha mkoa hakihitaji jengo la mabilioni kuanza. Kabati moja la vioo pale Uwanja wa Ushirika linatosha kwa jezi kumi za kwanza. Klabu kubwa za Dar es Salaam, ambazo kila msimu zinazindua jezi mpya kwa mbwembwe, zinaweza kutenga sehemu ndogo ya mapato hayo kununulia za zamani kwa bei ya haki. Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa AFCON 2027. Mgeni atakayeshuka kuutazama mlima na mpira akiuliza Taifa Stars ya 1980 ilivaa nini, jibu lisiwe picha moja iliyofifia kwenye simu.

Jamaa wa bodaboda aendelee kuringa na Kanu wake. Kaitambua kwa jicho lake na haki yake ni hiyo. Ila siku akisimama Marangu kumshusha mzee aliyevaa fulana ya kijani iliyopauka, yenye maandishi yaliyobanduka kifuani, asiwahi kuondoa pikipiki. Azime injini, ashuke, aseme shikamoo, kisha aulize.