Chombo Kibovu Si Taka

Hapana nyumba katika Visiwa vyetu isiyokuwa na pembe yake ya vyombo vibovu. Juu ya kabati au uvunguni mwa kitanda hukaa pasi isiyopata moto, feni inayovuma bila ya kuzunguka, redio iliyonyamaza na blenda iliyozimika siku moja kabla ya futari. Hukaa hapo kwa miaka, hata ifikapo siku ya kusafisha nyumba vikatupwa, na mwenye nyumba akaenda dukani kununua vingine ambavyo, baada ya muda si mrefu, vitafuata njia ile ile.

Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Karibu kila chombo cha umeme kinachouzwa madukani petu kimevuka bahari kuja hapa, na kimenunuliwa kwa fedha zilizopatikana kwa taabu. Kikiharibika hakivuki bahari kurudi kilikotoka. Nchi kubwa za bara zinaweza kutupa taka zao mbali na macho ya watu, lakini kisiwa hakina mbali. Sehemu kubwa ya maji tunayoyatumia Unguja hutoka chini ya ardhi, na ardhi hiyo ina mawe ya matumbawe yanayopitisha maji kwa wepesi. Risasi na zebaki zilizomo ndani ya betri na vyombo vya umeme vinavyotupwa ovyo zina njia fupi ya kufika visimani.

Wala hatuko peke yetu. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme katika mwaka 2022, na kwamba kiasi kisichofika robo ndicho kilichothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa njia zinazofaa.

Wenzetu wa Uholanzi, nchi ambayo nayo inapigania kila pande la ardhi na bahari, wamelikabili jambo hili kwa njia inayostahili kuangaliwa. Mnamo Oktoba 2009, mwandishi wa habari Martine Postma aliandaa mjini Amsterdam mkutano wa kwanza wa kile kilichoitwa Repair Café, yaani mkahawa wa matengenezo. Mpango wake ni mwepesi. Watu wa mtaa mmoja hukutana kwa saa chache katika ukumbi wa jumuiya. Juu ya meza huwapo bisibisi, koleo, vipima umeme, cherehani, na chai na kahawa. Mwenye chombo kibovu huja nacho, akakaa pamoja na mtu wa kujitolea aliye na ujuzi, wakakifungua na kutafuta ubovu wake. Hapana malipo ya lazima. Anayependa hutia chochote katika kisanduku. Leo mikutano ya namna hiyo imeenea katika nchi nyingi, na idadi yake imepita 2,500. Si kila chombo hupona, lakini kumbukumbu zao zinaonyesha kuwa zaidi ya nusu hurudi nyumbani vikiwa vizima.

Baadhi ya wasomaji watasema kuwa mafundi tunao tangu zamani na hatuna haja ya kwenda Ulaya kujifunza kutengeneza pasi. Ni kweli. Darajani, Mwanakwerekwe, Chake Chake na Wete wapo mafundi wanaofufua vyombo ambavyo huko vilikoundwa vingetupwa bila ya kuangaliwa mara mbili. Lakini sisi humpelekea fundi chombo, tukakiacha, tukarudi kukichukua. Ujuzi hubaki kwa fundi peke yake, na akifariki dunia aghlabu huzikwa naye. Katika mkutano wa matengenezo mwenye chombo haondoki mezani. Hushika bisibisi mwenyewe. Hapo ndipo anapojua kuwa feni inayovuma bila ya kuzunguka mara nyingi haina ila kapasita iliyochoka, kitu kidogo cha bei ndogo, na kuwa pasi iliyokufa huenda imekatika waya pale tu unapoingilia mpinini. Kwa maoni yetu, faida kubwa ya mikutano hii si chombo kinachopona, bali ni mtu anayeondoka akiwa amejua asichokijua alipoingia.

Hoja nzito zaidi ni ile ya mafundi wenyewe. Kazi ikifanywa bure, watoto wao watakula nini? Hoja hii haifai kupuuzwa. Fundi anaishi kwa jasho lake, na hapana mwenye haki ya kumgeuza mtumishi wa bure kwa jina la kujitolea. Kwa hivyo tunatoa rai kuwa mikutano yetu iwe na mipaka inayojulikana. Iwe mara moja kwa mwezi, kwa nusu siku. Ipokee vile vyombo vidogo ambavyo watu hawavipeleki kwa fundi hata hivyo, kwa kuona kuwa gharama haistahili. Friji, televisheni na mashine za kufulia zielekezwe kwa mafundi wa shehia, ambao majina yao yatabandikwa ukutani. Kipuri kinunuliwe na mwenye chombo. Na fundi aliyetoa siku yake apewe nauli na chakula. Mtu aliyeona kwa macho yake namna chombo kilivyoundwa hamkimbii fundi. Humwendea mapema zaidi, na huacha kubishana naye juu ya bei.

Tunatahadharisha pia kuwa umeme si mchezo. Jiko la mikrowevu huweza kumpiga mtu kwa umeme uliobaki ndani yake hata baada ya kuchomolewa ukutani, na gesi ya friji haifai kuachiwa hewani. Kila mkutano lazima uwe na fundi umeme aliyefuzu, na kisitoke chombo mlangoni kabla ya yeye kukipima.

Ujuzi wa namna hii hauhitaji miaka mingi ya darasani. Huko Kibokwa, Mkoa wa Kaskazini Unguja, akina mama wa vijijini, wakiwamo wenye elimu ndogo ya skuli, wamefundishwa kufunga na kutengeneza taa za sola, nao wakawasha mwanga katika vijiji vyao. Lililowezekana kwa taa linawezekana kwa redio.

Kwa upande wa Serikali, hatuombi fedha nyingi. Kwanza, majengo ya skuli na ya vituo vya mafunzo ya amali yafunguliwe kwa kazi hii asubuhi moja ya Jumamosi kila mwezi, na wanafunzi wa ufundi wahudhurie kama sehemu ya mazoezi yao. Pili, mamlaka za ushuru ziangalie iwapo kipuri kinabebeshwa mzigo ule ule wa kodi unaobebwa na chombo kipya. Ikiwa ndivyo, mwenye kutengeneza anaadhibiwa kwa busara yake. Tatu, taasisi za viwango na za kumlinda mlaji zimtake mwenye kuingiza vyombo aweke na vipuri vyake. Ufaransa tangu mwaka 2021 imewalazimisha wauzaji wa baadhi ya vyombo kuonyesha alama ya urahisi wa kutengenezeka kwake, na Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ulipitisha sheria ya kuwabana watengenezaji wa bidhaa kadhaa wazitengeneze hata baada ya muda wa dhamana kwisha. Nne, tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka nchi inayopelekewa taka za umeme iridhie kwanza. Maofisa wetu wa bandarini wanayo silaha hiyo mkononi; waitumie, ili mitumba isiyofaa isije ikashushwa hapa kwa jina la vyombo vilivyotumika.

Na ofisi za umma nazo zijitazame. Kiti kilichopoteza mguu mmoja na feni iliyokosa kapasita havistahili kurundikwa stoo vikingojea kufutwa katika daftari. Mwananchi hawezi kuhimizwa kutunza na yule asiyetunza.

Tunapendekeza kazi ianze kwa udogo: shehia moja Unguja na shehia moja Pemba, kwa muda wa miezi sita. Masheha watafute watu wa kujitolea, hasa wazee waliostaafu kazi za ufundi, ambao ujuzi wao sasa umekaa barazani bila ya mwenye kuuliza. Na kuwepo daftari moja tu, litakaloandikwa chombo gani kilikuja, kilikuwa na ubovu gani, kilipona au hakikupona, na kama hakikupona kilikosa kipuri gani. Miezi sita ikitimia, daftari hilo lipelekwe Serikalini. Litawaeleza maofisa wetu, kuliko semina yoyote, vipuri gani viletwe na bidhaa gani zisiruhusiwe tena kuingia katika Visiwa hivi.