Mtoto si Shehena

Wazazi wanaopanga kuizuru Ayalandi kwa gari hukosea wanapoipima safari kwa ramani. Mzunguko wa Kerry ni kilomita 179 tu. Mtu angedhani ni shughuli ya asubuhi moja. Lakini barabara ile ni nyembamba mahali pengi, na mabasi ya watalii huijaza. (Magari hupita kushoto kama kwetu, na hiyo ni afueni.) Mtoto wa miaka minne atastahimilije? Heri familia ipige kambi Killarney siku nne, itoke na kurudi. Magenge ya Moher, yenye kimo cha mita 214, yasubiri hadi watoto wakubali kushikwa mkono. Na kiti maalumu, ambacho sheria humlazimu asiyetimiza sentimita 150 wala kilo 36, kiagizwe pamoja na gari.