Kabla ya kuuweka chini, toa betri

Msumeno mdogo wa betri umerahisisha kazi ya kupogoa mwembe na kupunguza matawi uani. Ni mwepesi, hauna moshi wala kamba ya kuvuta. Hatari iko hapo hapo: ukiwa umelala kimya bado unaweza kukata. Kitufe cha usalama husaidia, lakini mtoto mdadisi hukigundua.

Mzazi, toa betri kila unapouweka chini, hata ukienda kunywa maji tu, na kabla ya kusafisha au kukaza mnyororo. Watoto wakae mbali. Vaa miwani ya kukinga macho na viatu vilivyofunika miguu. Usikate kwa ncha, msumeno unaweza kukurukia usoni. Ukijikata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, uwahi hospitali.