Bahari Ni Yetu Pia

Wapo wasemao kwamba watu wa pwani yetu walimngoja Vasco da Gama mwaka 1498 ndipo waijue dunia. Uwongo mtupu! Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji, na dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipita hapo kwenda ng'ambo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha. Vilibeba watumwa pia, hilo hatulifichi. Lakini mtepe, ulioshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari, ulikuwa kazi ya mafundi wa visiwa vya Lamu, si ya Wareno walioipora Kilwa mwaka 1505. Mitepe imekwisha baharini. Ndugu wanachama, majahazi yasiifuate: kila tawi la pwani lipeleke vijana kwa mafundi waliobaki, mwaka huu huu.